Fahamu: Tabaka na maski katika kuhariri picha

Uso wa bibi harusi umeingia giza, dirisha nyuma yake linawaka. Ukiongeza mwanga kwenye picha nzima, uso utaonekana, lakini maua ya pazia yatapotea kwenye weupe. Kazi ya namna hii ndiyo ya tabaka na maski.

Tabaka ni kama karatasi ya nailoni iliyolazwa juu ya picha: unachofanya juu yake hakigusi ya chini. Programu ya Photoshop ilianza kuwa nazo katika toleo la 3.0, mwaka 1994. Leo zimo hata kwenye GIMP, ambayo ni ya bure. Nakili kwanza tabaka ya picha, kisha ongeza mwanga kwenye nakala hiyo.

Maski huamua sehemu gani ya tabaka ionekane. Nyeupe huonyesha, nyeusi huficha, kijivu huonyesha nusunusu. Ongeza maski kwenye ile nakala, uijaze rangi nyeusi; mwanga wote ulioongeza utatoweka. Kisha chukua brashi nyeupe yenye kingo laini upake usoni tu. Ukipitiliza hadi kwenye shela, bonyeza X ili rangi zibadilishane, upake nyeusi. Hakuna kilichofutwa, ndiyo maana wazoefu hawana haja na kifutio.

Wanaoanza wengi hukwama hapa: wanapaka, kumbe wamechagua picha badala ya maski, na uso unageuka mweupe pe! Bofya kwanza kijipicha cha maski. Na faili lihifadhi kama PSD, au XCF kwa GIMP. JPEG huziunganisha tabaka zote kuwa moja.