Wiki hii wamefundishwa nini? Swali la mzazi wa Busasamana

Mwalimu wa shule ya msingi nchini Rwanda haingii darasani Jumatatu kwa kubahatisha. Kabla muhula haujaanza anatakiwa awe na azimio la kazi: wiki ya kwanza mada hii, wiki ya pili mada ile, hadi wiki ya mitihani. Kutokana na azimio hilo huandika andalio la kila kipindi cha dakika 40, akionyesha atakachofundisha, vifaa atakavyotumia na namna atakavyojua kwamba watoto wameelewa. Mwalimu mkuu huzikagua karatasi hizo, na mkaguzi akija huziomba. Anayekosa kuziona ni mwenye mtoto.

Pengo hilo linaonekana wazi mahali kama Busasamana, mojawapo ya tarafa 12 za Wilaya ya Rubavu. Tarafa hii iko kaskazini mwa mji wa Gisenyi, mpakani na Kongo, kwenye ukanda wa volkano za Virunga. Ni nchi ya baridi na ukungu, yenye udongo mweusi unaokubali viazi mviringo, maharage na mahindi. Wazazi wengi ni wakulima. Hutoka alfajiri na jembe, mtoto naye hutoka na daftari, na jioni wanapokutana mazungumzo ya shule huwa mafupi. "Leo mmesoma nini?" "Hesabu." Basi, yameishia hapo. Mzazi huja kukutana na masomo ya mwanawe siku ya ripoti ya muhula, yakiwa yamekwisha kugeuka alama.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu sehemu nzuri ya yale yanayofundishwa darasani mzazi huyo anayajua, na mengine anayajua kuliko kitabu. Kinachomkosesha nafasi ya kusaidia ni kutojua yatafundishwa lini.

Yaliyomo kwenye ratiba

Mtaala unaotumika ulitangazwa mwaka 2015 na kuanza kufundishwa 2016. Ni mtaala wa umahiri: mtoto hapimwi kwa alichokariri tu, bali kwa anachoweza kukifanya. Wiki ya mwanafunzi ina Kinyarwanda, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia ya Msingi, Maarifa ya Jamii na Dini, pamoja na sanaa na michezo. Matano ya kwanza ndiyo yanayotahiniwa kitaifa mwishoni mwa darasa la sita. Ndani ya masomo hayo yamepenyezwa mambo mtambuka manane, yakiwemo mazingira, amani na maadili, historia ya mauaji ya kimbari, jinsia na elimu ya fedha.

Tuchukue Kinyarwanda cha madarasa ya chini. Mtoto huanza na herufi moja moja, kisha hufika penye mlima wenyewe, nao ni ibihekane, yaani konsonanti zinazoshikana. Mwalimu huandika ubaoni mbw, ndw, nshy. Darasa zima hutamka kwa pamoja, halafu safu kwa safu, halafu mmoja mmoja. Baada ya sauti huja maneno: imbwa, yule mbwa wa nyumbani, indwara, ugonjwa, inshyushyu, maziwa ya moto yaliyokamuliwa sasa hivi. Mtoto aliyekwisha kusema "imbwa" maelfu ya mara hajui bado kwamba neno hilo lina herufi tatu zilizobanana katikati. Anahitaji kuliona, kulisoma na kuliandika tena na tena hadi mkono uzoee.

Hapa ndipo nyumba ingeweza kusaidia. Mama akijua kwamba wiki hii ni wiki ya nshy, hata kama yeye mwenyewe hakuvuka darasa la tatu, anaweza kumwambia mwanawe atafute maneno matano yenye sauti hiyo wakati wanamenya viazi. Mazoezi ya namna hiyo hayahitaji kitabu wala taa ya umeme.

Hesabu za shamba na za chakula cha shule

Hisabati nayo iko mlangoni mwa kila nyumba. Watoto wa madarasa ya chini hujifunza kuhesabu fedha, kupima urefu, uzito na ujazo, kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Baba anayepeleka viazi sokoni huyafanya yote hayo kichwani kabla jua halijapanda. Anajua uzito wa gunia, bei ya kilo, nauli ya baiskeli na kitakachobaki.

Mfano mwingine umo katika chakula cha mchana cha shuleni. Kwa mwongozo uliotolewa Septemba 2022, mzazi wa mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali huchangia faranga 975 kwa muhula, na serikali hubeba karibu asilimia 90 ya gharama. Familia yenye watoto watatu hulipa 975 mara tatu, ambayo ni faranga 2,925 kwa muhula. Kwa mihula mitatu ni 8,775. Hilo ni swali kamili la kuzidisha, na hakuna mzazi wa Busasamana asiyelijua jibu lake, maana pesa hizo zimetoka mfukoni mwake. Mtoto akiulizwa nyumbani "Tutalipa ngapi mwaka huu kwa ajili yako na ndugu zako?", wiki ya kuzidisha itakuwa imepata maana.

Ukuta wa lugha

Kwa nini basi wazazi wengi hujiweka kando? Jibu la haraka ni lugha. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kuacha Kifaransa na kufundishia kwa Kiingereza. Mwaka 2011 madarasa matatu ya mwanzo yakarudishiwa Kinyarwanda, na mwisho wa 2019 serikali ikatangaza kwamba Kiingereza kitatumika kuanzia darasa la kwanza. Mzazi aliyesoma zamani alisoma kwa Kinyarwanda na Kifaransa. Leo akifungua daftari la hisabati la mwanawe hukuta maelezo ambayo hawezi kuyasoma, analifunga na kumrudishia mwenyewe. Huona kwamba kazi ile ni ya mwalimu.

Mtoto wa mpakani, kwa upande wake, anaishi katika lugha nyingi. Nyumbani ni Kinyarwanda, darasani ni Kiingereza, na kwenye biashara za Gisenyi na za Goma, ng'ambo ya mpaka, husikia Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017 ingawa hakimo katika yale masomo matano ya mtihani wa darasa la sita. Kichwa chake hakina shida na wingi huo. Shida ni pale anapokutana na fikra mpya na lugha mpya katika dakika zilezile 40. Akiwa amekwisha kuzungumza juu ya uzito na nauli kwa Kinyarwanda na baba yake, anapofika darasani atakuwa na kazi moja tu, kujifunza maneno ya Kiingereza ya jambo analolielewa.

Mlima ulio juu ya shule

Somo la sayansi huzungumzia udongo, maji, mimea, wanyama na afya. Maarifa ya Jamii humtembeza mtoto kutoka familia na shule hadi kijiji, wilaya na nchi, pamoja na majanga na namna ya kujikinga. Mtaala ni wa taifa zima, kwa hiyo kitabu anachosoma mtoto wa Busasamana ni kilekile cha mtoto wa Nyagatare, kwenye tambarare za mashariki zenye joto na ng'ombe.

Lakini mtoto wa Busasamana ana kitabu kingine nje ya dirisha. Mlima wa volkano wa Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, ulilipuka 1977, ukalipuka tena Januari 2002 na kuteketeza sehemu ya Goma, kisha Mei 22, 2021. Mitetemeko iliyofuata mara ile ya mwisho ilipasua barabara na nyumba za Gisenyi. Karibu kila mzazi wa hapa anakumbuka usiku wa mlipuko huo alikuwa wapi, aliwakusanyaje watoto na alikimbilia upande gani. Anajua pia kwa nini mvua hunyesha kwa wingi na bado vijito ni haba: maji huzama kwenye mawe ya volkano yenye matundu, ndiyo maana watu hukinga maji ya mapaa na watoto hubeba madumu. Wiki ya udongo au ya majanga ikifika, mzazi mmoja akialikwa darasani kwa nusu saa atawafundisha watoto jambo ambalo kitabu cha taifa hakina nafasi ya kulieleza.

Kazi ndogo ya Ijumaa

Walimu watasema, na wana haki, kwamba mzigo wao unatosha. Mwaka 2022 mishahara ya walimu wa msingi wenye cheti ilipandishwa kwa asilimia 88, lakini saa za siku hazikuongezwa. Ujenzi wa madarasa zaidi ya 22,000 ulioanza 2020 umepunguza msongamano nchini, ila haujaumaliza. Kwa hiyo ombi lazima liwe dogo.

Liwe hivi. Dakika tano za mwisho za Ijumaa, mwalimu aandike ubaoni sentensi moja ya Kinyarwanda kwa kila somo, ikieleza watakachosoma wiki ijayo. Watoto wa madarasa ya juu wanakili kwenye daftari, wa madarasa ya chini waikariri kwa mdomo au wabebewe na kaka na dada zao. Maneno hayo yamekwisha kuandikwa kwenye azimio la kazi, kilichobaki ni kuyafikisha nyumbani. Kijiji nacho kina jukwaa lake tayari, Umugoroba w'Imiryango, ambapo familia hukutana jioni kujadili mambo ya nyumbani. Dakika kumi za mkutano huo zikitengwa kwa masomo ya watoto, hakuna bajeti itakayohitajika.

Makundi ya WhatsApp ya wazazi yanafaa kwa walio na simu za kisasa na bando. Tusiyategemee mahali ambapo mzazi bado anatumia simu ya tochi.

Mwalimu, umekwisha kupanga kazi nzuri, usiiache kwenye faili. Nawe mzazi, Ijumaa hii usianze na alama. Mwambie mwanao akufundishe alichofundishwa, umsikilize hadi mwisho, kisha umwonyeshe jambo hilohilo linavyofanyika shambani, jikoni au sokoni. Wakaguzi wa somo lake wanapaswa kuwa wawili, na mmoja wao ni wewe.