Mdudu Ajifanyaye Nyigu

Msafiri atokaye Malindi kwenda Lamu hupita Garsen, mahali ambapo Mto Tana, mto mrefu kupita mito yote ya Kenya, umekwisha kuchoka na mwendo na kuanza kutawanya maji yake kabla ya kufika baharini karibu na Kipini. Wapokomo hulima kandokando ya maji, Waorma huchunga ng'ombe wao nyikani, na maembe ya huko husifiwa sana.

Siku moja chini ya mwembe huko nilikuta watoto wakikimbia na kupiga kelele, "Nyigu! Nyigu!" Juu ya lundo la kuni alikuwapo mdudu mweusi mwenye mistari ya manjano. Alikwenda mbio, akasimama ghafula, akaenda tena, huku akitikisa vipapasio vyake. Mimi nami, sitaficha, nilirudi nyuma. Mzee mwenye kuni akaja polepole, akamshika kwa vidole viwili, na mdudu akalia, "Kwi, kwi!"

"Bwana Karani," akasema mzee, "waogopa kanzu ya askari, na aliyeivaa si askari?"

Kweli alikuwa mbawakawa, wa jamaa ya wale wenye pembe ndefu, ambao aina zao duniani ni zaidi ya 30,000. Wengi wao hulia wakishikwa, kwa kusugua shingo juu ya mgongo. Baadhi yao wamevaa mavazi ya nyigu, na si mavazi tu, bali na mwendo pia. Lakini ukitazama vema utaona kwamba mbawa za mbele ni ngumu kama gamba, zimefunika mgongo, na kiuno si chembamba kama cha nyigu.

Sababu ya udanganyifu huu ilielezwa na Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa katika misitu ya mto Amazon tangu 1848 hata 1859, akaandika habari za vipepeo wa huko mwaka 1862. Ndege aliyekwisha kuumwa na nyigu hukumbuka rangi zile, na tangu siku hiyo huziacha. Basi mdudu dhaifu anayefanana na nyigu huokoka. Lakini yafaa nyigu wa kweli wawe wengi kuliko waongo, kwani ndege akionja waongo kila siku hataogopa tena.

Mzee yule hakuona jambo hili kuwa mchezo. Jirani yake, alinieleza, aliona wadudu wa namna hii wakitoka katika tawi lililokufa, akadhani kwamba nyigu wameujaa mwembe wake. Akatafuta, akaona kweli kiota kimoja cha nyigu, akawasha kuti kavu na kukichoma. Moto ukaunguza upande mzima wa mti uliokuwa ukimlipia karo ya watoto. Tena nyigu wale walikuwa wasaidizi wake, kwa maana nyigu wengi huwinda viwavi ili kuwalisha watoto wao. Aliye na hatia katika kuni zake alikwenda zake salama.

Hatia yenyewe ni ya utotoni. Mama hutaga mayai katika nyufa za gome, na buu mweupe mwenye meno yenye nguvu hutafuna mti kwa miezi mingi, hata mwaka au zaidi, akiacha unga nyuma yake. Akiisha kuwa mkubwa hutoboa tundu na kutoka. Huishi majuma machache tu, na mara nyingi huonekana juu ya maua. Hawa wenye mistari hupenda hasa miti iliyokufa au inayokufa, na msituni kazi yao ni njema, kwani huurudisha mti udongoni. Lakini boriti ya nyumba nayo ni mti uliokufa. Ndiyo sababu mzee alikuwa akiambua magome ya miti yake ya kujengea kabla ya kuiweka.

Ndugu zao wengine hawangoji mti ufe. Huko juu Mto Tana unakotoka, mbawakawa mwembamba mwenye kichwa cha manjano hutaga katika ncha za matawi ya kahawa, na buu wake hushuka ndani akitoboa safu ya matundu kama filimbi. Mkulima akiona ncha imenyauka, na aikate chini ya tundu la mwisho na kuichoma. Huku pwani yuko mwingine akerezaye tawi la mkorosho pande zote hata likavunjika. Mayai yamo katika kipande kile kinachoanguka, basi anayekiacha chini ya mti anawafuga adui zake wa mwaka ujao.

Mzee akafungua vidole. Mdudu akapanda juu ya kidole gumba, akafunua magamba yake, akaruka kwa kuvuma kuelekea mtoni, na watoto wakainama tena wote pamoja.