Kutoka Njozi hadi Uwazi: Mageuzi ya Mtindo katika Albamu ya Pink Floyd ya 1973

Utangulizi

Msanii akiisha kujulikana kwa mtindo fulani, huwa vigumu kwake kuuacha. Hadhira huutarajia, wauzaji wa kazi zake huudai, naye mwenyewe huuona kuwa ndio utambulisho wake. Hata hivyo, zipo kazi za sanaa zilizodumu kwa sababu watunzi wake walithubutu kuuacha mtindo uliowajenga. Mfano mmoja ni The Dark Side of the Moon, yaani "Upande wa Mwezi Wenye Giza", albamu iliyotolewa Machi 1973 na Pink Floyd, bendi ya muziki wa roki ya mjini London, Uingereza. Albamu hii husifiwa sana kwa mitambo na ala zake. Makala haya yanadai kwamba badiliko lake la msingi lilikuwa la lugha: maneno yalipopewa uwazi, ufundi wa sauti ambao bendi ilikuwa imeukusanya kwa miaka mingi ulipata kazi ya kufanya.

Mtindo wa Awali

Pink Floyd iliundwa mwaka wa 1965. Roger Waters, Nick Mason na Richard Wright walikuwa wamekutana wakisomea usanifu wa majengo katika chuo cha Regent Street Polytechnic. Syd Barrett, aliyekuwa mwanafunzi wa uchoraji, ndiye aliyekuwa mtunzi wao mkuu. Albamu yao ya kwanza, The Piper at the Gates of Dawn ya 1967, ilisheheni nyimbo zake kuhusu mbilikimo, paka, baiskeli na sanamu ya kutishia ndege shambani. Kando ya nyimbo hizo fupi palikuwa na vipande virefu vya ala visivyo na maneno. Mtindo huo ulijulikana kama saikedeliki, yaani muziki unaoiga hali ya akili iliyozama katika njozi.

Haukupita muda kabla ya afya ya akili ya Barrett kuzorota, hali ambayo imehusishwa na matumizi ya dawa za kulevya. David Gilmour alijiunga na bendi kuelekea mwanzo wa 1968, na miezi michache baadaye Barrett akaondoka. Jahazi likawa limempoteza nahodha wake. Wenzake walijaribu kuliziba pengo hilo kwa majaribio ya sauti na kwa urefu wa tungo. Kipande kikuu cha albamu ya Atom Heart Mother ya 1970 kilishirikisha okestra na kwaya, nacho kilichukua zaidi ya dakika 23. Echoes, utungo uliojaza upande mzima wa albamu ya Meddle ya 1971, ulikuwa na urefu kama huo. Maneno yake machache yaliegemea taswira za bahari, mapango na ndege wa majini, na msikilizaji aliachiwa kazi ya kuyatafutia maana.

Kwa istilahi za fasihi, fani ilikuwa imekomaa ilhali maudhui yalikuwa bado yanatafutwa. Atom Heart Mother iliongoza chati za Uingereza, lakini nchini Marekani hakuna albamu ya bendi hii iliyokuwa imeingia katika 40 bora.

Chimbuko la Mageuzi

Kuelekea mwisho wa 1971, wanabendi walikutana nyumbani kwa Mason. Waters alipendekeza albamu nzima ijengwe juu ya dhamira moja: mambo yanayomlemea mwanadamu hata kumsukuma kwenye ukingo wa wazimu. Mambo hayo ni kama vile kupita kwa wakati, uchu wa fedha, uhasama na vita, na hofu ya kifo. Dhamira hiyo haikuwa ya kubuni tu, kwa kuwa wote walikuwa wameshuhudia yaliyompata Barrett. Kwa mara ya kwanza, maneno yote ya albamu yaliandikwa na mtu mmoja, Waters, naye aliazimia kusema waziwazi.

Wimbo wa Time unaonyesha badiliko hilo. Nafsineni yake humzungumzia mtu anayepoteza siku zake akingoja maisha yaanze, kisha akagundua kwamba miaka imekwisha kupita. Waters, aliyekuwa hajatimiza miaka 30, alieleza baadaye kwamba alitambua kuwa maisha aliyodhani anajiandaa kuyaishi yalikuwa tayari yanaendelea. Hapana fumbo katika wazo hilo. Hata asiyejua lolote kuhusu muziki wa roki hulielewa. Aidha, maneno ya nyimbo yalichapishwa kwenye jalada, jambo ambalo Pink Floyd hawakuwa wamelifanya katika albamu zao za awali.

Jambo jingine la kuzingatia ni namna kazi yenyewe ilivyosahihishwa. Bendi ilianza kuitumbuiza jukwaani Januari 1972, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuitoa. Katika maonyesho ya mwanzo, baada ya wimbo wa Breathe palikuwa na sehemu ya gitaa na kinanda iliyochezwa papo kwa papo kwa mtindo wa zamani. Katika studio za Abbey Road sehemu hiyo iliondolewa. Mahali pake pakawekwa On the Run, kipande kinachotumia mfuatano wa noti nane za sinthesaiza zinazorudiwa kwa kasi, huku nyayo za mtu anayekimbia na matangazo ya uwanja wa ndege yakisikika. Takriri hiyo huwasilisha hofu ya msafiri bila neno lolote la utenzi.

Sauti Katika Huduma ya Maana

Ni dhahiri kwamba bendi haikuyatupa majaribio yake, bali iliyapa wajibu mpya. Wimbo wa Money hufunguliwa kwa milio ya sarafu, karatasi inayochanwa na mashine ya kuhesabia fedha dukani. Utepe wa kila mlio ulikatwa kwa kupimwa kwa rula na kuunganishwa kuwa mzunguko wa mapigo saba, na mapigo hayo ndiyo yanayobeba beti zake. Hali kadhalika, saa zinazolia mwanzoni mwa Time zilirekodiwa na fundi wa sauti Alan Parsons katika duka la saa za kale.

Isitoshe, Waters aliandika maswali kwenye kadi na kuwauliza watu waliokuwapo studioni: kuhusu ugomvi, kuhusu wazimu, kuhusu kifo. Majibu ya Paul McCartney, msanii mashuhuri kuliko wote waliohojiwa, hayakutumiwa. Ya bawabu wa studio, Gerry O'Driscoll, yalitumiwa, na sauti yake ndiyo ya mwisho kunena katika albamu. Uteuzi huo uliafiki lengo la kuzungumza lugha ya watu wa kawaida.

Kuna pia sauti isiyo na maneno kabisa. Katika The Great Gig in the Sky, Clare Torry aliimba kwa miito na vilio tu, akalipwa pauni 30. Mwaka wa 2004 alifungua kesi akidai kutambuliwa kuwa mtunzi mwenza. Kesi hiyo ilimalizwa mwaka uliofuata kwa maafikiano nje ya mahakama, na tangu hapo jina lake huandikwa pamoja na la Wright.

Muwala wa albamu nao ni wa kupigiwa mfano. Mapigo ya moyo huifungua na kuifunga. Nyimbo zake hufuatana karibu bila kimya, na lahani ya Breathe hurejea mwishoni mwa Time. Hakuna wimbo unaofikia dakika nane, ilhali albamu nzima, yenye takriban dakika 43, husikika kama utungo mmoja. Urefu uliokuwa sifa ya bendi haukupotea, ulipangwa upya.

Mapokezi na Gharama Yake

Albamu iliongoza chati za Marekani kwa juma moja tu. Hata hivyo, ilibaki katika orodha ya albamu 200 za nchi hiyo kwa jumla ya majuma zaidi ya 900, na nakala zaidi ya milioni 40 zimeuzwa duniani.

Wapo mashabiki wa zamani wanaoshikilia kwamba uthubutu wa awali ulififia hapa. Hoja yao ina uzito kiasi, kwa maana bendi haikurejea tena katika utunzi wa papo kwa papo wa kiwango kile. Gharama nyingine ilikuwa ya kibinadamu. Waters alizidi kuwa msemaji wa bendi, na mvutano ukakua. Wright aliondolewa wakati wa kurekodiwa kwa The Wall ya 1979, na Waters mwenyewe akajitoa mwaka wa 1985. Mnamo Juni 1975 Barrett alitokea studioni, na wenzake wa zamani hawakumtambua mara moja. Yale waliyoyaimbia mamilioni ya watu yalikuwa yamesimama mbele yao.

Hitimisho

Mageuzi ya Pink Floyd yanasaidia kujibu dhana kwamba lugha nyepesi huzaa sanaa nyepesi. Maneno ya albamu hii ni mepesi, lakini yamezungukwa na mpangilio wa sauti uliohitaji miaka ya mazoezi, nao mpangilio huo usingeeleweka bila maneno hayo. Mhakiki anayetaka kulithibitisha hilo na aanze kwa kusikiliza Echoes, kisha Time, akichunguza katika kila utungo ni wapi maana inabebwa na neno na ni wapi inabebwa na mlio.