Chandarua cha pono

Jua likizama, pono wa mwambani hutafuta tundu lake, hujipenyeza ubavu ubavu na kutulia. Kisha ute huanza kumtoka mdomoni na kwenye matamvua. Hutanda kwanza mbele ya uso wake, ukarudi nyuma polepole kufuata mbavu na mapezi, mpaka mkia nao umefunikwa. Kazi hiyo huweza kuchukua nusu saa na zaidi. Ikimalizika, samaki mzima yumo ndani ya mfuko mwororo unaopitisha mwanga, wenye uwazi mbele na nyuma ili maji yaingie na kutoka. Ukimmulika kwa tochi, mfuko wenyewe huuoni. Unachoona ni chembe za mchanga na vitakataka vya baharini vilivyonasa juu yake, vimesimama majini, kama vidole viwili hivi kutoka kwenye magamba, wala havisogei na mkondo. Hapo ndipo unapotambua kwamba baina yako na yeye pana kitu.

Maelezo hayo nimeyapata kwa mzee mmoja wa Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, aliyezamia usiku kwa miaka mingi. Mimi nilikuwa nimefuata habari za mikoko, kama waandishi wengi wanaokata kona ya Gazi kutoka barabara ya Lunga Lunga: mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza kuuza hewa ya kaboni mwaka 2013, daraja la mbao la kina mama, watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, na vipimo vyao matopeni. Ni habari nzuri, na itaandikwa tena na wengine. Nilikuwa nimekaa bandarini nikimngoja mtu ambaye hakutokea, nikamsikia mzee akimkemea kijana aliyelala chali ndani ya ngalawa mchana kweupe.

"Unalala usingizi wa pono wewe, lakini mwenzio pono hulala na chandarua. Wewe chako kiko wapi?"

Nikamwamkia, akaniitikia marahaba. "Pono ana chandarua gani, baba?"

"Cha makamasi," akasema, na wala hakuinua macho kwenye lema alilokuwa akilifunga.

Jina lake halimo humu kwa sababu alichokuwa akikifanya usiku ni haramu. Bunduki za kupigia samaki, kipande cha mti na mpira na chuma kilichochongwa ncha, zilipigwa marufuku nchini mwaka 2001 pamoja na juya. Yeye aliendelea nayo kwa muda baada ya hapo, na hajifichi kulisema. Kijana wa ngalawani naye, nilikuja kuelewa, hakuchoshwa na kazi ya mchana.

"Mchana pono humpati kwa mbio, mwanangu. Anakula mwamba huyo, unasikia meno yake yakigugunda, ukimkaribia tu kaondoka. Usiku unamkuta kajilaza. Unamgusa mkono, hashtuki. Mara ya kwanza nilipoingiza kidole kwenye kile kitu chake nilidhani ni kiwavi, nikaurudisha mkono mbio. Hakiwashi. Kinateleza, halafu kinavutika, halafu kinakatika. Harufu hakina."

Nilimwuliza kama pono wote hufanya hivyo. Akatikisa kichwa. Wa mwamba ndio. Huyu wa kwenye nyasi za bahari, mwembamba, wa rangi ya kijani, anayejaa kwenye malema ya Gazi pamoja na tafi, hajawahi kumwona na chandarua hata usiku mmoja. Wanasayansi nao wanasema si kila jamii ya pono hujifunika. Lakini mzee ana swali lake la pembeni ambalo sijaona mahali limejibiwa: pono wa mwamba akinaswa na kukesha ndani ya lema, hujitengenezea chandarua humo humo? "Mimi sijamkuta nacho. Labda wasiwasi humnyima usingizi."

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba ule mfuko ni kinga dhidi ya mkunga, anayewinda usiku kwa kunusa. Dhana hiyo ilishika tangu miaka ya 1950: ute huzuia harufu ya samaki isitoke, mkunga akapita kando. Mwaka 2011 Alexandra Grutter na wenzake, waliofanya kazi kwenye matumbawe ya Australia, walichapisha jaribio jingine. Waliwaweka pono usiku pamoja na vidudu vinyonya damu vya jamii ya kaa na kamba, vya milimita chache tu. Baadhi ya samaki walikuwa na mifuko yao, wengine waliondolewa mifuko hiyo. Waliovuliwa ute waliumwa kwa wingi. Waliobaki nao wengi walipambazukiwa salama. Mchana pono huenda kwa samaki wadogo wasafishaji wakamtoa vidudu hivyo mwilini, lakini usiku wasafishaji nao wamelala. Watafiti wenyewe, katika kichwa cha makala yao, waliuita mfuko ule chandarua. Walikuwa mbali na Gazi, ila wamefika kwenye neno lile lile la mzee.

Nilipomsimulia, hakuonyesha mshangao. "Hao chawa nawajua. Samaki akilala ndani ya lema, asubuhi mfunue matamvua, utawakuta wamejipanga, wameiva damu."

Sisi ute tunauonea kinyaa. Mtoto mwenye makamasi hufutwa haraka kabla mgeni hajaingia. Makohozi hutemewa mbali na kufukiwa kwa kisigino. Na hali mwili haufanyi mchezo na kitu hiki. Puani, kooni, mapafuni, tumboni, matumboni, kwenye njia ya mkojo na ya uzazi, kila mahali ambapo mwili unakutana na nje bila kufunikwa na ngozi pana utando ute, nao kazi yake ni kulowana daima. Ute huo sehemu kubwa ni maji tu. Kinachoushikilia ni protini zilizovikwa sukari, za namna ile ile inayoushikilia mfuko wa pono. Vumbi na vijidudu vinanasa humo, na vinyweleo visivyoonekana kwa macho vinausukuma mzigo wote kuelekea kooni, mara kumi na zaidi kwa sekunde moja. Tunaumeza mchana na usiku bila habari, tumbo likaumaliza kwa tindikali. Na tumbo lenyewe lisingestahimili tindikali hiyo bila ute wake. Bakteria waliogunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren, ugunduzi uliowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, huleta vidonda vya tumbo kwa kujichimbia ndani ya ute huo huo na kufanya makao.

Mzee alinisikiliza nikieleza haya kwa subira ya mtu anayengoja zamu yake. Kisha akageuka, akaniwekea sikio la kushoto. La kulia halisikii.

"Pono makamasi yanamlinda. Mimi ndiyo yaliyoniziba sikio."

Alizama na mafua. Kila mzamiaji anajua kwamba mwenye mafua hazami, na kila mzamiaji mwenye watoto amewahi kuzama nayo. Kuna mrija mwembamba unaounganisha koo na sikio la kati, nao umetandikwa utando ute kama pua. Mtu akiwa mzima, akishuka huziba pua na kupuliza, hewa ikapenya kwenye mrija na kusawazisha. Akiwa na mafua utando huvimba, mrija ukafungwa. Mita kumi chini ya maji mgandamizo ni maradufu ya ule wa juu, na ngoma ya sikio inasukumwa ndani bila kitu cha kuihimili.

"Nilisikia mlio, kama mtu kavunja kijiti. Halafu maji ya baridi ndani ya kichwa. Sikujua juu ni wapi, chini ni wapi. Tochi ndiyo iliyonitoa. Niliiachia nikaona inaanguka upande gani, nikaenda kinyume." Alipofika ufuoni damu ilimtoka puani. Usaha ukafuata sikioni kwa wiki kadhaa, akautibu kwa alichoshauriwa na jirani. Hospitali ya Msambweni haiko mbali na Gazi. Nilimwuliza kwa nini hakwenda. "Ningewaambia nilikuwa nafanya nini usiku huo?"

Sheria ile ilikuwa ya haki; matumbawe ya pwani hii yamepigwa vya kutosha, na pono akimalizwa, mwani hupata nafasi ya kuyafunika. Lakini mtu kuogopa kupeleka sikio lake hospitalini, hilo sidhani kama walioiandika walilipigia hesabu.

Nyuma yetu mama karanga, mkaanga samaki, alikuwa ameanza kazi. Alimpitishia pono kidole gumba kuanzia kichwani hadi mkiani, akakitazama. Ute mwangavu, samaki wa leo. Ukiwa mzito na mweupe, wenye harufu, amelala na barafu haikumfikia, na bei inashuka. Aliusugua kwa chumvi na ndimu, akasuuza, akakata mistari mitatu kila ubavu ili mafuta yaingie. Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulimvaa usoni, akakohoa kikohozi kirefu cha mtu aliyekizoea, akatema pembeni, akarudi kwenye karai. Moshi huo, siku baada ya siku, huvidhoofisha vile vinyweleo vya kifuani, na vikishalegea kinachobaki cha kuusukuma mzigo ni kukohoa tu.

Nilikuwa na tarakimu moja niliyotaka mzee aisikie. Watafiti wale wa Australia walikisia kwamba chandarua cha usiku mmoja humgharimu pono asilimia 2.5 ya nguvu anazozitumia kwa siku. Akaipigia hesabu kwa shilingi. "Katika mia, mbili na nusu. Si ghali. Sisi vya bure tukiletewa wengine wanafugia kuku."

Akakaza fundo, akalijaribu lema kwa goti.

"Waulize hao wasomi wako jambo moja. Wengine niliwakosa. Chuma kinagonga jiwe, pono anazinduka, anatoka mbio gizani na chandarua kimechanika kinabaki pale. Ametumia mbili na nusu yake. Usiku bado mrefu, chawa wapo. Je, anatengeneza kingine, au ute umemwishia mpaka kesho?"

Kijana wa ngalawani alikuwa amefumbua macho. "Anatengeneza," akasema.

"Umemwona?"

"Nimemwona akitafuta tundu."

"Hilo silo nililouliza," mzee akasema.