Karakana ya Wasafi: Nani Hasa Anatengeneza Nyimbo Tunazoimba

Nyimbo nyingi za Bongo Fleva huanza na jina la mtu asiyeimba. Mwimbaji hajafungua kinywa, biti haijakolea, na tayari sauti fupi imeshapita: "Ayo Lizer", au "S2Kizzy". Vijana wa bodaboda wanaopandisha abiria kutoka Lushoto kwenda Mlola wanayajua majina hayo kama wanavyowajua washambuliaji wa Simba na Yanga, hata kama sura za wenyewe hawajawahi kuziona.

Hao ni maprodyuza. Ndio wanaounda biti, kurekodi sauti, kuchanganya na kuupa wimbo ladha yake ya mwisho. Anayeonekana kwenye video ni mwingine. Lakini ukifuatilia jinsi lebo ya WCB Wasafi ilivyopanda hadi kuwa jina kubwa Afrika Mashariki, utaona kwamba mafanikio yake hayakutokana na koo la mtu mmoja. Iliunganisha kazi ambazo zamani zilifanywa na watu waliotawanyika mji mzima.

Miaka ya 1990 mambo yalikuwa tofauti. Studio za Dar es Salaam zilikuwa za kuhesabika: Mawingu alikokuwa Bonny Luv, MJ Records ya Master Jay, na baadaye Bongo Records ya P-Funk Majani, aliyesimamia kazi za Professor Jay na Juma Nature. Msanii alikuja na mistari yake kwenye daftari, akasubiri zamu, akarekodi, akaondoka. Kanda ilipelekwa kwa wasambazaji wa Kariakoo, na mara nyingi malipo yalikuwa ya mkupuo mmoja. Wagosi wa Kaya, ambao watu wa Tanga hawahitaji kuelezwa ni akina nani, walitoka katika enzi hiyo ya kanda na redio. Nyimbo zilivuma nchi nzima, lakini kila mmoja alibaki kwake: studio ya huyu, msanii wa yule, msambazaji wa pembeni.

Hata Diamond Platnumz, kijana wa Tandale aliyezaliwa mwaka 1989 kwa jina la Naseeb Abdul, alianza kwa kuhamahama hivyohivyo. "Kamwambie", wimbo uliomtoa, aliutengeneza na Bob Junior wa Sharobaro Records. "Number One" ya mwaka 2013, iliyomvusha mipaka baada ya Davido wa Nigeria kuingia kwenye rimiksi yake, ilitoka mikononi mwa Sheddy Clever wa Burn Records. "Nana" ya mwaka 2015 ilipikwa na Nahreel. Ngoma tatu kubwa, studio tatu tofauti.

Aliporudi nyumbani na umaarufu, alijenga kikosi chake mwenyewe, WCB Wasafi. Katika uongozi walikuwapo Babu Tale, aliyekuwa amelilea kundi la Tip Top Connection la Manzese; Said Fella, maarufu kama Mkubwa Fella, mlezi wa kundi la TMK Wanaume Family na kituo cha Mkubwa na Wanawe huko Temeke; na Sallam SK. Tale na Fella walikuwa wameshazoea kukaa na vijana wasio na kitu, kuwalisha, kuwafanyisha mazoezi na kuwatafutia shoo. WCB ilirithi uzoefu huo wa mitaani, kisha ikauongezea fedha na studio yake yenyewe.

Wasanii wakaanza kuingia mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2015 alitambulishwa Harmonize, kijana kutoka Mtwara. Mwaka 2016 wakaja Rayvanny wa Mbeya, aliyepitia Tip Top, na Rich Mavoko. Lava Lava alifuata mwaka 2017. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Mbosso, ambaye alikuwa amelelewa na Fella katika Yamoto Band. Mwaka 2020 akatoka Zuchu, binti wa malkia wa taarab Khadija Kopa, akiwa na EP yenye nyimbo saba. Ndani ya studio, kwenye kompyuta, alikaa prodyuza Lizer.

Wimbo mmoja unatosha kuonyesha kikosi hicho kilivyofanya kazi. Mwaka 2001 Saida Karoli, mwimbaji kutoka Kagera, alitikisa nchi kwa "Maria Salome", ambao wengi wanaujua kama "Chambua Kama Karanga". Ndani yake aliimba Kihaya, na hata watu wasiojua neno moja la lugha hiyo waliuitikia harusini. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 2016, Wasafi wakatoa "Salome". Kiitikio cha Saida kilibaki kikitambulika kabisa. Kilichobadilika ni kile kilichokizunguka. Lizer alikiwekea besi nzito na midundo ya kuchezeka klabu, na beti mpya za Kiswahili zikagawanywa kati ya Diamond na Rayvanny. Mama aliyeucheza wimbo wa kwanza na mwanawe aliyeucheza wa pili wakajikuta wanaitikia pamoja. Saida mwenyewe naye akarudi midomoni mwa watu.

Katika studio za namna hii, mara nyingi wimbo hauanzi na maneno. Prodyuza hupiga biti fupi na kuiacha ijirudie. Msanii husimama mbele ya maiki na kuanza kuhumu na kubwabwaja sauti zisizo na maana, akitafuta melodi itakayonasa. Ikipatikana ndipo maneno hutafutwa ili yakae ndani yake, na hapo kila aliyemo chumbani huweza kutupia neno. Kiitikio hukamilishwa kwanza, kwa kuwa ndicho kitakachobebwa mitaani. Kisha zinaingizwa sauti za beti, sauti za nyuma na vibwagizo, halafu kazi inakwenda kwenye miksi.

Nje ya studio, Wasafi walijenga pia njia ya kufikisha nyimbo zao. Walifungua televisheni, na mwaka 2019 Wasafi FM ikaingia hewani. Katikati ya mwaka 2020 chaneli ya YouTube ya Diamond ilivuka mara bilioni moja za kutazamwa. Ukubwa huo haukuwaepusha na mkono wa serikali: mwishoni mwa mwaka 2018 Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond, na walipoupiga jukwaani wakafungiwa wao wenyewe kufanya maonyesho.

Mgogoro mkubwa zaidi, hata hivyo, umekuwa wa mikataba. Mkulima wa kabichi wa Mlola anaelewa haraka: dalali anayekukopesha mbegu na mbolea ndiye anayepanga bei siku ya mavuno. Vivyo hivyo, lebo humgharamia msanii asiye na kitu kwa video, nguo, makazi na matangazo, na anapovuma huchukua fungu lake. Rich Mavoko aliondoka mwaka 2018. Harmonize aliondoka mwaka 2019, akaanzisha Konde Music Worldwide, na alieleza hadharani kwamba kujinasua kulimgharimu mamilioni ya shilingi. Rayvanny alianzisha Next Level Music na kuondoka mwaka 2022, na mwaka 2025 Mbosso naye akaanza safari yake mwenyewe. Wanaoitetea lebo husema kwamba bila gharama zile majina hayo yasingejulikana. Wanaoilaumu husema deni la namna hiyo haliishi.

Leo kijana wa Usambara mwenye kompyuta mpakato, programu ya kutengenezea biti na maiki ya bei nafuu anaweza kurekodi wimbo chumbani kwake, kabichi zikipakiwa kwenye lori nje. Asichokuwa nacho mara nyingi ni makubaliano ya maandishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), inatofautisha haki ya mtunzi na haki ya aliyetayarisha rekodi. Kwa hiyo, watu watatu wakikaa studio wakatoka na wimbo, kuna mambo ya kukubaliana siku hiyohiyo: nani ameandika maneno, nani ametunga melodi, biti ni ya nani, na kila mmoja atapata asilimia ngapi fedha zikianza kuingia. Yaandikwe, yatiwe saini na wote watatu, na kila mmoja abaki na nakala yake kabla wimbo haujapandishwa YouTube.