Tiba ya Uga Sumakuumeme Wenye Mapigo na Mzunguko wa Damu Nyumbani: Ufafanuzi kwa Muktadha wa Kaya za Itaka, Mkoani Songwe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua tiba ya uga sumakuumeme wenye mapigo, inayojulikana kimataifa kwa kifupisho PEMF, ambayo vifaa vyake hutangazwa kuwa husaidia mzunguko wa damu vikitumiwa nyumbani. Ufafanuzi unaanzia katika kanuni za fizikia, unapitia ushahidi wa kitabibu, kisha unaihusisha tiba hiyo na mazingira ya Kata ya Itaka. Hoja kuu ni kwamba tiba hii ina msingi wa kisayansi katika uungaji wa mifupa, lakini haijathibitika kuwa tiba ya mzunguko hafifu wa damu. Kwa kaya ya kijijini, hatari yake kubwa haimo katika uga wenyewe bali katika muda unaopotea kabla ya mguu kupimwa.

1.0 Utangulizi

Itaka ni kata katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni eneo la nyanda za juu ambako kahawa na mahindi hutegemewa kwa kipato na chakula. Baridi huwa kali miezi ya Juni na Julai, na kazi nyingi za shambani hufanywa kwa kusimama au kuinama kwa saa nyingi. Katika mazingira hayo, miguu baridi, ganzi na kuvimba vifundo huchukuliwa kwa urahisi kuwa dalili za uchovu au uzee. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Hata hivyo, dalili hizohizo zinaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa unaoishia kwa mtu kukatwa mguu.

Katika pengo hilo kati ya uchovu na ugonjwa ndipo vifaa vya sumaku vinapopata soko. Kaya inayofikiria kutumia fedha za mavuno kununua kifaa inahitaji kujua mambo matatu: kifaa hicho hufanya nini, kimethibitishwa kwa maradhi gani, na ni kipi kisichopaswa kusubiri wakati kifaa kinajaribiwa.

2.0 Namna kifaa kinavyofanya kazi

Kifaa cha aina hii kina sehemu mbili za msingi. Ya kwanza ni kisanduku kinachotoa umeme kwa mapigo, yaani unaowaka na kuzimika mara nyingi kwa sekunde. Ya pili ni koili, yaani waya wa shaba uliosokotwa duara, ambao hufichwa ndani ya mkeka, mto au pete kubwa ya kuvisha mguuni. Umeme unapopita katika koili, uga wa sumaku hujitokeza kuizunguka. Umeme unapokatika, uga huo hutoweka.

Kanuni inayohusika iligunduliwa na Michael Faraday nchini Uingereza mwaka 1831: uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika kitu kinachopitisha umeme kilicho karibu nao. Mwili wa binadamu, kwa kuwa una maji na chumvi, hupitisha umeme. Kwa hiyo kila pigo la koili huzalisha mkondo mdogo sana wa umeme ndani ya tishu. Hapa ndipo kifaa hiki kinapotofautiana na bangili au soli za sumaku. Sumaku ya bangili haibadiliki, hivyo haizalishi mkondo wa namna hiyo. Ushahidi wa kimoja hauwezi kutumiwa kukitetea kingine.

Nguvu ya uga hupimwa kwa tesla. Uga wa dunia katika ukanda wa kusini mwa Tanzania ni takribani mikrotesla 30, yaani sehemu 30 kwa milioni za tesla moja. Vifaa vingi vya nyumbani hutoa kuanzia mikrotesla chache hadi militesla chache. Mashine nyingi za MRI katika hospitali kubwa hutumia tesla 1.5, sawa na takribani mara 50,000 ya uga wa dunia.

3.0 Hoja ya chuma kilichomo katika damu

Maelezo yanayosikika mara kwa mara katika uuzaji wa vifaa vya sumaku ni kwamba damu ina chuma, sumaku huvuta chuma, kwa hiyo sumaku huivuta damu na kuifanya itembee. Hoja hii ni nyepesi kueleweka, lakini si sahihi, na Wilaya ya Mbozi ina mfano mzuri wa kuonesha kwa nini.

Katika kijiji cha Ndolezi wilayani humo kipo Kimondo cha Mbozi, kilichotambuliwa na wanasayansi mwaka 1930. Takribani asilimia 90 ya kimondo hicho ni chuma, na sehemu kubwa ya kinachosalia ni nikeli. Chuma cha aina hiyo huvutwa na sumaku kwa kuwa atomi zake zimekaribiana, nazo huelekea upande mmoja kwa pamoja.

Chuma cha damu hakiko hivyo. Mwili mzima wa mtu mzima una gramu tatu hadi nne tu za chuma, na sehemu kubwa yake imo katika himoglobini, ambamo kila atomi ya chuma imetengwa na nyingine kwa kuzungukwa na protini. Mwaka 1936, wanakemia Linus Pauling na Charles Coryell wa Marekani walionesha kwamba himoglobini iliyobeba oksijeni haivutwi na sumaku, bali husukumwa kwa kiasi kidogo mno. Isiyo na oksijeni huvutwa, lakini nayo kwa kiasi kidogo mno. Uthibitisho wa kawaida unapatikana hospitalini: mgonjwa aliyelala ndani ya mashine ya MRI hukaa katika uga wenye nguvu mara mamia au maelfu kuliko wa mkeka wa nyumbani, na damu yake huendelea kutembea kama kawaida. Ikiwa kifaa kina athari yoyote kwa mzunguko wa damu, basi athari hiyo haitokani na kuvutwa kwa chuma.

4.0 Ushahidi wa kitabibu

Msingi imara wa tiba hii uko katika mifupa. Mwaka 1957, Wajapani Eiichi Fukada na Iwao Yasuda walionesha kwamba mfupa unaokandamizwa hutoa umeme kidogo. Ugunduzi huo uliibua swali kama umeme kutoka nje unaweza kuuchochea mfupa uliovunjika ujiunge. Andrew Bassett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walilifanyia kazi swali hilo kwa kutumia koili katika miaka ya 1970. Mwaka 1979, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha kifaa cha aina hiyo kwa ajili ya mifupa iliyoshindwa kuunga. Idhini hiyo ilihusu mifupa. Haikuhusu mzunguko wa damu, na kifaa kinachotangazwa kwa kutaja historia hiyo kinaazima heshima ya tiba nyingine.

Kuhusu mishipa ya damu, dhana inayojadiliwa zaidi ni kwamba mapigo huathiri mwenendo wa kalsiamu ndani ya seli, kisha seli za ukuta wa mshipa hutoa oksidi ya nitriki, gesi inayolegeza mishipa midogo na kuitanua. Dhana hii inaendana na baiolojia inayojulikana, na majaribio kwa panya yameonesha mishipa midogo ikitanuka kwa kiasi baada ya kupigwa na mapigo hayo. Hata hivyo, kutanuka kwa mshipa mdogo kwa dakika kadhaa ni jambo moja, na kufunguka kwa ateri iliyozibwa na mafuta na chokaa ni jambo jingine. Oksidi ya nitriki haiondoi kizuizi cha namna hiyo.

Kwa binadamu, ushahidi ni mwembamba. Mapitio ya Cochrane kuhusu vidonda vya miguu vinavyotokana na udhaifu wa vena yalipata majaribio matatu tu, yote madogo, na hayakuweza kuthibitisha kwamba tiba ya sumakuumeme huharakisha uponaji. Aidha, vifaa hutofautiana kwa nguvu, kwa idadi ya mapigo na kwa muda wa matumizi, hivyo matokeo ya kimoja hayawezi kuhamishiwa kwa kingine.

5.0 Kwa nini mtumiaji huhisi nafuu

Watumiaji wanaosema wamepata nafuu hawasemi uongo. Sababu za nafuu hiyo, hata hivyo, zinaweza kuwa nje ya koili. Mtu anayetumia mkeka hulala kwa dakika 20 au 30, na pengine huinua miguu. Kwa mguu uliovimba kutokana na kusimama kutwa, kulala huko peke yake hurudisha damu kuelekea moyoni na kupunguza uvimbe. Pia maumivu ya miguu hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huanza tiba siku yanapokuwa makali, yaani siku ambazo huenda yangepungua bila tiba. Kwa sababu hizi, majaribio ya haki huwapa baadhi ya washiriki kifaa kilichozimwa bila wao kujua, kisha makundi mawili hulinganishwa.

6.0 Mzunguko hafifu si ugonjwa mmoja

Neno "mzunguko wa damu" huficha maradhi tofauti yanayohitaji tiba tofauti. Ateri zilizoziba hupunguza damu inayoshuka mguuni. Dalili yake ni maumivu ya ndama wakati wa kutembea yanayotulia mtu akisimama, pamoja na mguu wenye ubaridi na vidonda visivyopona. Kuinua mguu wa namna hii huongeza maumivu. Vena dhaifu, kinyume chake, huzuia damu kupanda, na mguu huvimba jioni na kupata nafuu asubuhi. Damu iliyoganda katika vena ya ndani huvimbisha mguu mmoja ghafla, ukawa na joto na maumivu. Bonge hilo likihamia mapafuni linaweza kuua, hivyo hiyo ni dharura.

Lipo pia kundi ambalo tatizo lake la kwanza ni neva. Kisukari huharibu neva za nyayo na kuleta ganzi, ambayo watu wengi huiita ubovu wa mzunguko. Mtu mwenye ganzi akiota moto au kuweka miguu katika maji ya moto msimu wa baridi anaweza kuungua bila kuhisi, na jeraha dogo likawa kidonda kikubwa. Kutokana na madhara ya aina hiyo, mradi wa Step by Step ulioanzishwa Tanzania na India mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulifundisha wahudumu wa afya kukagua na kutunza miguu ya wagonjwa wa kisukari kabla vidonda havijafikia hatua ya kukatwa mguu.

7.0 Usalama na usimamizi

Kwa nguvu zinazotumiwa nyumbani, madhara ya moja kwa moja kwa mtu mwenye afya si ya kawaida. Hata hivyo, mwenye kifaa cha umeme kilichopandikizwa mwilini, kama vile cha kusawazisha mapigo ya moyo, hapaswi kukaribia koili, kwa sababu mapigo yanaweza kuvuruga kifaa hicho. Wajawazito na wenye kifafa hushauriwa kutotumia bila ushauri wa daktari.

Nchini Tanzania, usimamizi wa vifaa tiba uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019. Mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji kama kifaa kimesajiliwa, na kimesajiliwa kwa matumizi gani. Jibu la swali la pili ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa kifaa kilichosajiliwa kwa maumivu ya misuli hakijathibitishwa kwa ateri zilizoziba.

8.0 Yanayowezekana katika kaya ya Itaka

Hatua ya kwanza ni kipimo. Katika zahanati au kituo cha afya, mhudumu anaweza kupima sukari na shinikizo la damu, na kugusa mapigo ya ateri juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Mapigo yasipohisika, hospitali inaweza kulinganisha shinikizo la damu la kifundo na la mkono. Uwiano ulio chini ya 0.90 huashiria kuziba kwa ateri.

Hatua ya pili ni mwendo. Misuli ya ndama hufanya kazi ya pampu: kila hatua huibana vena na kuisukuma damu juu. Kwa wenye ateri zilizoziba kiasi, kutembea hadi maumivu yaanze, kupumzika, kisha kuendelea, kwa dakika 30 hadi 45, angalau mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12 au zaidi, kumethibitika kuongeza umbali ambao mgonjwa anaweza kutembea. Mwenye kidonda au maumivu hata akiwa amepumzika aonwe na daktari kwanza. Kuacha tumbaku, kutumia dawa za shinikizo na kisukari bila kukatisha, na kukagua nyayo kila jioni hukamilisha hatua hii.

Hatua ya tatu, kwa mwenye uwezo na asiye na kizuizi cha kiafya, ndiyo kifaa. Kinaweza kutumiwa kwa starehe ya misuli baada ya kipimo, sambamba na dawa, bila kuchukua nafasi ya chochote kati ya hivyo.

9.0 Hitimisho

Tiba ya uga sumakuumeme wenye mapigo si ulaghai mtupu, wala si tiba iliyothibitika ya mzunguko wa damu. Fizikia yake ni ya kweli, na mafanikio yake yako katika mifupa. Kuhusu mishipa, bado ni dhana inayosubiri majaribio makubwa. Mguu wenye ganzi, kidonda kisichopona au uvimbe wa ghafla hauwezi kusubiri majaribio hayo. Kipimo cha sukari na mkono wa mhudumu juu ya unyayo vinapaswa kutangulia ununuzi wa kifaa chochote.