Sheria za Mitambo katika Mbio za Motakaa za Kale Ufukoni

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwaeleza habari za mbio za motakaa zifanywazo juu ya mchanga wa bahari huko Wildwood, katika jimbo la New Jersey, Marekani. Motakaa hushindana mbili mbili, kwa masafa mafupi, bendera ikipungwa.

Sheria iliyo kubwa ni ya umri. Motakaa iwe ya Marekani, ya kabla ya mwaka 1935, wala mtambo wake usiwe wa namna iliyotokea baada ya mwaka 1953. Huenda mtu akauliza: Kwa nini mpaka umewekwa hapo?

Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa mtambo wenye silinda 8, zilizopangwa safu mbili mfano wa herufi V, wenye nguvu za farasi 65. Bei yake haikuwa kubwa. Vali zake zilikaa ubavuni mwa silinda, na kifuniko cha juu kilikuwa bapa. Kasoro yake ni kwamba moshi wa moto ulipita ndani ya mwili wa mtambo kabla ya kutoka nje, kwa hiyo maji yalichemka upesi. Hata hivyo vijana wa California walinunua motakaa hizo zilizokwisha tumika, wakavua mabawa ya magurudumu ili kupunguza uzito, wakaongeza kabureta, na kukwangua kifuniko ili hewa na petroli zibanwe zaidi. Kazi hiyo mtu aliweza kuifanya kwa mikono yake.

Ford waliacha kutia mtambo huo katika motakaa zao za Marekani baada ya mwaka 1953. Mwaka 1955 Chevrolet wakatoa mtambo wa V wenye vali juu ya silinda. Ndani yake hewa hupita kwa wepesi, na nguvu huzidi. Kama mtambo huo ungeruhusiwa, ule wa kale ungeshindwa kabla ya bendera kupungwa. Ni kama mbio za ngalawa: atiaye mtambo nyuma ya chombo chake atatangulia, lakini nani atamsifu kuwa nahodha?

Tena mchanga nao una sheria yake. Maji yakipwa, mchanga uliolowa huwa mgumu, motakaa hupita. Bali nguvu ikitolewa kwa pupa, magurudumu huchimba shimo papo hapo. Na maji yakijaa, mbio hazina budi kukoma. Chumvi nayo hula chuma, basi baada ya mbio motakaa huoshwa kwa maji matamu.

Kwa hiyo, ninyi wanafunzi, msidhani kwamba sheria hizi zachukia maendeleo. Zawaweka washindani katika mizani moja, ili ustadi wa fundi upimwe, wala si uzito wa mfuko wake.